Chumba cha Mama na Nyota Yenye Mkia

Utotoni mwangu nyumba yetu ya Matogoro ilikuwa na chumba kimoja kisichofagiwa. Vyumba vingine vilifagiwa kila asubuhi, tena kwa ukali, maana Bibi hakuwa mtu wa kuona jani uani akapita. Lakini mlango wa chumba hicho kimoja ulifungwa kwa kamba ya katani, na mgeni akiuliza humo kuna nini, Bibi alimjibu, "Ni cha mtu aliye safarini." Mgeni anayejua mambo ya kwetu alitikisa kichwa na kuendelea kunywa togwa yake.

Aliyekuwa safarini ni mama yangu. Aliondoka mwezi wa saba, kwenye baridi ile ya Songea inayowafanya watu wa pwani wakija watuulize kama tuna akili timamu kukaa huku. Baba alishafariki nikiwa mdogo, simkumbuki hata sura. Mama alikuwa anapika chakula cha kuuza pale stendi, na mwaka ule watu wengi wa kwetu walikuwa wanavuka Mto Ruvuma kwenda Msumbiji, kwenye machimbo ya mawe mekundu. Mama hakujua kuchimba. Yeye aliwaza tu kwamba watu wanaochimba lazima wale, akanunua masufuria mawili makubwa, akaniambia atarudi kabla hatujapanda mahindi.

Sakafu yetu ilikuwa ya udongo. Asubuhi ya safari Mama aliinyunyizia maji chumbani kwake, kama alivyofanya kila siku, ili akifagia vumbi lisinyanyuke likanikohoza. Alikuwa amemaliza kunyunyiza na ameshika ufagio wakati gari lilipopiga honi barabarani. Akauweka ufagio ukutani, akanibusu kichwani haraka haraka, akatoka peku huku viatu ameshika mkononi, maana alikuwa na mazoea ya kuvaa viatu akiwa nje. Nikasikia mlango wa gari unafungwa. Mimi, mtoto mwenye kutaka kusifiwa, nikachukua ufagio nimalizie kazi aliyoiacha.

Bibi alininyang'anya kabla sijaugusisha chini.

"Unataka mama yako apotee?" aliniuliza. "Mtu akiwa njiani hafagiwi nyuma. Unafagia nyayo zake, atafuata nini?"

Hiyo haikuwa habari ngeni kwangu. Nyumba nyingi za kwetu zilikuwa na mwiko huo na kwa kawaida haukuwa na usumbufu wowote. Mtu akisafiri kwenda Dar es Salaam, unaacha kufagia mpaka kesho yake apige simu aseme amefika, basi, unafagia, maisha yanaendelea. Mjomba Tasilo, mdogo wake Mama, alisema Mama akifika tu atatafuta mtandao apige. Tulisubiri kesho, na kesho kutwa. Mjomba alipiga kila jioni, na kila jioni yule dada wa kwenye simu alimwambia kwamba namba anayoipiga haipatikani kwa sasa. Nilimchukia yule dada kuliko nilivyopata kumchukia mtu yeyote. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeshiba.

Mwezi wa nane ukaisha, wa tisa ukaisha, na chumba kikabaki hivyo hivyo. Mjomba alianza kunung'unika. Alisema chumba kitaingia mchwa, kitaingia panya, na kwamba mwiko wa siku mbili haukutungwa kwa ajili ya miezi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza, "Amesema amefika?" Mjomba akasema hapana. "Basi unafagia nini?" Hapo mazungumzo yaliishia.

Mimi nilikuwa na siri yangu na kile chumba. Ile sakafu aliyoinyunyizia maji ilikauka na nyayo za Mama juu yake. Nyingi zilikuwa zimechanganyika, lakini pale karibu na mlango palikuwa na mbili zilizotulia vizuri, wa kulia na wa kushoto, mahali aliposimama kunibusu. Kidole chake kidogo cha mguu wa kushoto kilipanda juu ya mwenzake, na udongo ulikuwa umeshika hata hilo. Bibi akienda shambani nilifungua kamba, nikaingia, nikachutama kuziangalia. Sikuzikanyaga. Niliweka kiganja changu juu ya unyayo, bila kukibandika, na nilimkumbuka mama yangu mpaka tumbo likauma. Mpaka leo nikisikia watu wakisema kukumbuka ni jambo la moyoni, mimi huwa nashangaa, maana kwangu lilianzia tumboni.

Nikitoka shule nilikwenda Mjimwema kwenye saluni ya Mjomba, kwa sababu Bibi alikuwa harudi kutoka shambani mpaka jioni. Ilikuwa saluni ndogo ya kinyozi, kioo kimoja, kiti kimoja na benchi la watu wa kubishana. Waliokuja kunyolewa walikuwa wachache kuliko waliokuja kubishana. Mjomba alikuwa na redio ya betri kubwa nne, na betri zikichoka hakukimbilia dukani. Alizianika dirishani juani tangu asubuhi, na jioni zilikuwa na nguvu ya kumaliza taarifa ya habari. Zikishindwa kabisa aliziuma kwa meno, kila moja kwa zamu, na zilifanya kazi kidogo tena kwa hofu.

Redio hiyo ndiyo iliyotuletea habari ya chombo. Mtangazaji alisema kuna chombo kilichorushwa angani miaka kumi iliyopita, na miaka yote hiyo kilikuwa njiani kukimbiza nyota yenye mkia. Sasa kilikuwa kimeikaribia, na chombo hicho kikubwa kilikuwa kimebeba kingine kidogo, ukubwa wa jokofu, ambacho kingeachiwa kishuke chenyewe mpaka juu ya nyota. Jambo hilo, alisema, halijapata kufanywa na mwanadamu.

Benchi likawaka moto. Mmoja alisema nyota ni moto, kitaungua. Mwingine akasema hao watu wana hela za kuchezea. Mjomba, ambaye alisikiliza redio kuliko alivyonyoa, aliwaeleza kwamba nyota yenye mkia si moto, ni barafu na vumbi.

"Vumbi?" nikauliza. Nilikuwa nimekaa sakafuni na daftari la hesabu. "Kwa hiyo kikitua kitaacha nyayo?"

Watu wakacheka. Mjomba akasema huenda, kina miguu mitatu. Tangu jioni hiyo sikuwa na habari nyingine kichwani. Niliwaza kitu kilichokuwa njiani tangu kabla sijajua kusema, kimekwenda mbali kuliko jua linavyoonekana, na bado watu wake walikuwa wanaamini kitasema kimefika. Mama alikuwa Msumbiji tu, ng'ambo ya mto. Nikajiwekea sharti ambalo sikumwambia mtu. Kile chombo kikifika na kutoa habari, basi na Mama amefika, na habari yake iko njiani. Kisipofika, sikutaka kuwaza.

Nilipomsimulia Bibi, aliacha kuchambua maharage. Yeye nyota yenye mkia aliijua kwa kusimuliwa na mama yake, kwamba ilitokea juu ya milima ya Matogoro na mwaka huo huo nzige wakala mpaka majani ya paa.

"Nyota hiyo haiendewi," alisema. "Yenyewe ndiyo hupita kwa watu, na ikipita inaondoka na mtu. Usiitazame."

Nilikwenda uani nikaitazama, bila shaka, lakini sikuona kitu. Mjomba alikuwa ameshasema haionekani kwa macho. Nilipomweleza Bibi hivyo alisema afadhali, na akarudi kwenye maharage. Baada ya muda akaniuliza, "Hicho chombo kina watu ndani?"

"Hakina."

"Na kimekwenda peke yake?"

"Kimebebwa na kikubwa."

"Basi kina mama yake." Alichambua tena kidogo. "Na huko kwao, walipokirusha, walifagia?"

Nilisema sijui. Bibi akasema Wazungu nao wana mambo yao, lakini kuacha kufagia siku moja hakujawahi kumdhuru mtu. Hakusema kwa mzaha. Bibi alikuwa anaiogopa ile nyota na bado anakionea huruma kile chombo, na sasa ninapokumbuka naona hakikuwa chombo alichokuwa anakionea huruma.

Ikafika siku yenyewe. Redio ilikuwa imetangaza kwamba kingeachiwa mchana na kushuka polepole kwa saa nyingi, na jioni ndipo tungejua. Nilitoka shule mbio. Saluni ilikuwa imejaa, benchi limejaa, wengine wamesimama mlangoni, na kwenye kiti alikaa Mzee Issa, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, ambaye akija Songea kwa shughuli zake alinyolewa kwa Mjomba tu. Nywele zilikuwa zimeanguka sakafuni tangu asubuhi. Kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kuchukua ufagio na kuuficha nyuma ya pipa la maji.

Haikuchukua muda Mjomba akaanza kuutafuta. Aliangalia nyuma ya mlango, akaangalia chini ya benchi, akawainua watu. Kwa kawaida mimi ndiye niliyeziondoa zile nywele nikifika, kwa kupenda kwangu, na alipoona nimekaa kimya nikitazama ukuta alielewa.

"Oti, ufagio uko wapi?"

"Bado kiko njiani, Mjomba," nilisema. "Hakifagiwi nyuma."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Kuna aliyesema kumbe na huko juu wanafuata mila za Wangoni. Mjomba naye alicheka, mashine ya kunyolea ikiwa juu, halafu nikaona kicheko kinamtoka usoni. Alinitazama. Alikuwa amemkumbuka dada yake. Hakuuliza tena juu ya ufagio, alimgeuzia Mzee Issa kichwa akaendelea kunyoa.

"Mwache mtoto," Mzee Issa alisema kwa upole. "Kwetu pia hatufagii mpaka mtu afike. Kitafika, inshallah."

Basi wakakaa watu wazima wote wale na nywele zikizidi kurundikana miguuni mwao, na kila aliyeingia aliambiwa akanyage taratibu. Ilipokaribia saa moja jioni Mjomba akazima mashine. Mzee Issa alibaki amenyolewa upande mmoja, na hakulalamika. Redio ilisema wanasubiri. Chombo kingekuwa kimeshagusa chini, lakini umbali ni mkubwa mno, hata sauti yenyewe ilihitaji karibu nusu saa kutufikia. Hilo lilinitia wazimu. Kwamba jambo limeshatokea, limeshakuwa zuri au baya, na sisi tumekaa Mjimwema hatujui. Nilifumba macho, nikasali Salamu Maria, nikaichanganya na yale masufuria mawili ya Mama, sijui kwa nini.

Betri zikaanza kuzama. Sauti ya mtangazaji ikawa nyembamba, ikawa ya mtu aliye kisimani. "Ziume! Ziume!" watu wakapiga kelele, na Mjomba akafungua redio, akaziuma zote nne kwa haraka kiasi kwamba nilifikiri atameza moja, akazirudisha. Sauti ikatoka. Hatukusikia maneno mwanzoni. Tulisikia makofi, watu wengi wakipiga makofi na kupiga yowe mahali fulani Ulaya, na mtangazaji akasema kwa furaha kwamba habari imepokelewa, chombo kimetua.

Mimi nililia. Mzee Issa alisema "Alhamdulillahi," akanyoosha mkono kutoka chini ya shuka la kunyolea akanishika kichwa. Watu walipeana mikono kana kwamba kila mmoja alikuwa amekisukuma kidogo. Nikaenda kuutoa ufagio nyuma ya pipa na kufagia saluni nzima, kona hadi kona, kwa furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena katika kazi yoyote.

Mjomba alinirudisha nyumbani. Bibi alikuwa amesimama mlangoni.

"Kimefika?"

"Kimefika, Bibi."

"Kimesema chenyewe, au wamesema watu?"

"Kimesema chenyewe."

Bibi akashusha pumzi. "Basi watu wake watalala," alisema. Nikamwambia sasa imebaki habari ya Mama, na kwamba naitaka ije kesho, ije hata sasa hivi. Alinivuta akanikalisha karibu naye jikoni.

"Habari ya mtu usiiharakishe, Oti," aliniambia. "Ikija imekuja, huwezi kuirudisha ilikotoka."

Niliona ni maneno ya kizee. Alikuwa na mengi ya namna hiyo, na mengine hayakuwa na maana yoyote, kama lile la kutokula utumbo ukiwa umesimama.

Siku zilizofuata furaha ilipungua. Redio ilisema chombo kilipogusa chini hakikushika, kilidunda, kikaelea, kikadunda tena, na mwishowe kikaangukia mahali penye kivuli, chini ya jabali. Hawakujua hasa ni wapi. Kilikuwa kinafanya kazi, kinatuma habari, lakini nguvu zake zilitegemea jua na jua lilikuwa halikifikii. Betri zake zilikuwa zinakwisha.

"Kwa nini wasizianike?" nikauliza.

Mjomba alitazama dirishani, kwenye betri zake mwenyewe. "Nani atakwenda kuzianika, mwanangu?"

"Kikirudi nyumbani watazibadilisha."

"Hakirudi. Hakikutengenezwa kurudi."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Katika kungoja kote kule kifike sikuwa nimemuuliza mtu kitarudi lini, nilidhani kila kinachokwenda kinarudi. Nikauliza tena, naye akarudia, na nikaanza kulia vibaya, kilio cha kupaliwa, mpaka watu wa benchi wakaacha kubishana. Mzee Issa alikuwepo, alikuja kuaga kabla ya kurudi Tunduru kwenye korosho zake. Aliniita pembeni.

"Mama yako huko aliko watu wanamwitaje?"

"Mama Oti."

"Nitauliza," alisema. "Wanaotoka ng'ambo wengi wanapita kwetu."

Chombo kikanyamaza. Redio ilihamia kwenye mambo mengine, na benchi likahamia kwenye mpira. Mvua zikaanza. Tukapanda mahindi, Bibi mbele na jembe, mimi nyuma na mbegu, na nilikuwa kila baada ya mistari michache nageuka kuangalia njia ya barabarani. Tulimaliza shamba lote. Bibi hakusema neno kuhusu ahadi ya Mama, na mimi sikusema, na ukimya ule ulikuwa mgumu kuliko kulima.

Krismasi ikiwa karibu, mchana mmoja, bodaboda iliingia uani ikiwa imembeba Mzee Issa na mfuko wa korosho. Mjomba alikuwa nyumbani siku hiyo akiziba paa. Mzee Issa alimsalimia Bibi shikamoo ingawa hawakupitana sana kwa umri, akakaa, akaomba maji, na mimi nilisimama nyuma ya nguzo ya jiko nikiwa nimejishika mdomo.

Alisema amekutana na kijana aliyetoka machimboni. Kijana alikula kwa mama mmoja wa Songea, Mama Oti, kwa wiki nyingi. Banda lake liko njiani kuelekea machimbo. Ni mama mkali, kijana alisema, hampi mtu chakula mpaka anawe mikono mbele yake, na ukinawa vibaya anakurudisha ukanawe tena, hata uwe na ndevu. Watu wanamwogopa na wanapanga foleni.

Bibi alijifunika uso kwa kitenge. Nilidhani analia, kumbe anacheka. "Ni yeye," alisema. "Ni yeye kabisa."

"Alikuwa mzima?" Mjomba akauliza.

"Mzima, wallahi. Amefika salama."

"Atarudi lini?"

Hapo Mzee Issa alinywa maji yake yote kwanza. Alisema hilo kijana hakulijua.

Nilikuwa nimeingojea habari ile tangu mwezi wa saba, na ilipofika nilirukaruka uani, nikamkumbatia Mzee Issa miguu, nikamkumbatia Mjomba. Nilipogeuka kumtafuta Bibi sikumwona. Nikasikia kamba ya katani inafunguliwa. Nilipofika chumbani alikuwa ameshanyunyiza maji kwenye kona ya mbali na ameshika ufagio.

"Bibi, usifagie!"

"Amefika, Oti."

"Usifagie. Ndizo hizo tu."

Alijua. Alikuwa anajua siku zote kwamba nafungua ile kamba, naona sasa, kwa sababu hakuniuliza nasema kitu gani. Alisimama na ufagio, mzee mnene mwenye miguu ya kuvimba, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Nikiacha nitakuwa nimesema hajafika," alisema. "Nitakuwa nimemkataa. Unataka niikatae habari yake?"

Sikutaka aikatae. Sikutaka pia afagie. Nilisimama mlangoni nimetandaza mikono, na Bibi hakunisukuma. Alisema, "Ingia. Zikanyage. Ukichoka, toka mwenyewe."

Nikaingia. Kwa mara ya kwanza niliweka miguu yangu juu ya nyayo za Mama, wa kulia na wa kushoto. Yangu ilikuwa midogo, ilimezwa yote, na kile kidole changu hakikufika pale chake kilipokuwa kimepanda juu ya mwenzake. Nilisimama pale na Bibi alingoja. Nje nilimsikia Mjomba akimsindikiza Mzee Issa, nikasikia bodaboda ikiondoka, na bado nilisimama mpaka nikachoka. Kisha nikatoka. Bibi akanyunyiza maji pale mlangoni, akafagia.

Mama hakurudi. Miaka miwili mitatu baadaye tulisikia watu wa machimboni wametimuliwa, wakatawanyika porini, wengine wakaja Songea hawana hata viatu. Mjomba alikwenda mpaka mpakani kuwauliza mmoja mmoja. Walikuwepo waliomjua, waliokula kwake, walioiga mbele yake namna anavyokaripia. Hakuna aliyejua alielekea wapi. Hatujapata habari ya kifo, kwa hiyo hatujaweka matanga, na kanisani jina lake Bibi hulitaja kwenye sala za wasafiri.

Nimefikiri sana juu ya siku ile ya ufagio. Kuna wakati nilimkasirikia Bibi, nikiwa msichana wa kukasirika, nikamwambia mwiko wake ulikuwa wa bure. Sikuwa sahihi. Mwiko ulifanya kazi yake, Mama alifika. Ulikuwa ni mwiko wa kumfikisha mtu, na mimi niliudai pia umrudishe, kazi ambayo Bibi hakuwahi kusema unaiweza. Hakuwa na dawa ya kumrudisha mtu, na mpaka sasa sijakutana na aliye nayo.

Nilikuwa nimeanza sekondari Mjomba aliponionyesha picha kwenye simu yake. Kile chombo kidogo kilikuwa kimepatikana. Chombo kikubwa kilikuwa kimezunguka nyota ile muda wote kikipiga picha, na watu walikaa wakizipekua, kivuli kwa kivuli, mpaka wakakiona, kimelala ubavu kwenye ufa wa jabali na mguu mmoja juu. Habari ilisema walishangilia na kulia. Mjomba alishangaa wanashangilia nini, kwa kuwa kimeshakufa na hakuna atakayekwenda kukichukua. Mimi sikushangaa hata kidogo. Niliwaonea wivu, wivu wa kuniuma, na nikamrudishia simu yake nikatoka nje.

Siku hizi nafanya kazi kwenye duka la dawa hapa mjini na naishi na Bibi, palepale Matogoro. Sakafu ni ya saruji. Macho yake yamechoka, mkono wake bado mzito. Jioni tukishakula huwa nafungua ramani kwenye simu, ile ya picha zilizopigwa kutoka juu. Naanzia kwetu, naiacha milima, nashuka kusini mpaka mto unaonekana kama uzi wa kahawia, navuka. Hakuna anayenizuia kuvuka. Halafu navuta picha karibu, karibu zaidi, napita pori kwa pori, njia kwa njia, na Bibi ananiegemea begani ingawa haoni kitu.

"Kuna nini hapo?"

"Mapaa, Bibi. Mapaa matatu, na njia nyekundu."

"Kuna moshi?"

"Hauonekani."

"Hebu sogeza," ananiambia. "Angalia na huo upande wa pili."